Kodi ya Miezi Sita, Tiba ya Wiki Sita

Mgonjwa anayepewa rufaa kutoka wilayani kwenda hospitali ya kanda huulizwa mambo mengi kabla hajaonana na daktari bingwa. Huulizwa jina, umri, kijiji alikotoka, namba ya bima na jina la ndugu wa karibu wa kupigiwa simu. Swali moja ni nadra kuulizwa, nalo ni la usiku: atalala wapi leo, na ataendelea kulala hapo hadi lini? Huachwa kwa sababu linaonekana kuwa la nyumbani, lisilohusu hospitali. Kumbe kwa wagonjwa wengi jibu lake ndilo litakaloamua iwapo matibabu yatakamilika au yatakatika njiani.

Mwanza ni mahali panapofaa kutazamwa kwa karibu katika jambo hili. Haina ukubwa wa Dar es Salaam, lakini imekwisha kuvuka kimo cha mji ambao kila mgeni anaweza kupata jamaa wa kumpokea. Kwa Sensa ya mwaka 2022, wilaya za Nyamagana na Ilemela, ambazo kwa pamoja ndizo Mwanza ya mjini, zilikuwa na wakazi zaidi ya milioni moja. Juu ya kimojawapo cha vilima vyake vya mawe ipo Hospitali ya Bugando, iliyofunguliwa mwaka 1971, nayo hupokea wagonjwa wa rufaa wa Kanda ya Ziwa: Geita, Simiyu, Shinyanga, Mara, Kagera na kwingineko. Tiba ya saratani kwa mionzi inapatikana hapo. Zamani mgonjwa wa Bukoba au Bariadi aliyehitaji mionzi alilazimika kusafiri hadi Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam. Umbali huo umepungua sana, na ni neema isiyopaswa kubezwa. Lakini kupungua kwa kilomita hakujaondoa swali la usiku. Hata Daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025, ambalo limewaondolea watu wa Sengerema adha ya kungoja kivuko, halimfanyi mama anayetapika kutokana na dawa aweze kwenda na kurudi kila siku kwa basi.

Itazamwe tiba yenyewe. Mwanamke mwenye saratani ya mlango wa kizazi, ikiwa imefikia hatua ya kuhitaji mionzi, kwa kawaida hupigwa mionzi siku tano kwa wiki kwa takriban wiki tano, kisha huongezewa mionzi ya ndani. Mara nyingi hupewa pia dawa ya dripu mara moja kwa wiki. Kila kipindi cha mionzi ni cha dakika chache. Akimaliza anashuka kitandani, anavaa kanga yake, anaambiwa aje kesho. Hakulazwa, wala hana sababu ya kulazwa. Kwa lugha ya hospitali huyu ni mgonjwa wa nje. Kwa lugha ya jiji ni mgeni asiye na chumba.

Soko la vyumba la Mwanza, kama lilivyo la miji mingine ya Tanzania, lina vipimo viwili vya muda. Kipimo cha kwanza ni usiku mmoja, nacho huuzwa na gesti. Cha pili ni miezi sita, wakati mwingine mwaka mzima, nacho huuzwa na mwenye nyumba. Katikati ya vipimo hivyo pana pengo, na ni vigumu kukuta mlango uliofunguliwa kwa ajili ya mtu wa wiki sita. Na ni humo humo katikati ambamo maradhi mengi ya rufaa huangukia. Mionzi ni ya wiki. Mfupa uliovunjika na kuwekewa chuma huhitaji wiki kadhaa za kuonwa na kufanyishwa mazoezi. Mtoto njiti aliyeruhusiwa kutoka wodini hutakiwa kurudishwa kliniki mara kwa mara hadi uzito upande. Maradhi huhesabiwa kwa wiki, lakini chumba hakiuzwi kwa wiki.

Hesabu ni nyepesi, na haina budi kufanywa. Chumba kimoja cha kawaida kikiwa ni shilingi 50,000 kwa mwezi, mgonjwa hatoi 50,000. Hutoa 300,000 za miezi sita kwa mkupuo, kisha 50,000 nyingine za dalali, ambaye ujira wake kwa desturi ni kodi ya mwezi mmoja. Kabla ya hapo amekwisha kutoa fedha ya kuzungushwa, yaani ile ya kuonyeshwa vyumba, awe amepata au hakupata. Kwa hiyo kabla hajatandika godoro zimemtoka 350,000 na ushei. Akikaa wiki sita, akamaliza tiba na kurudi kwao Maswa, kila mwezi wa ukaazi wake umemgharimu zaidi ya 230,000, yaani zaidi ya mara nne ya bei aliyotajiwa. Akikimbilia gesti ya shilingi 15,000 kwa usiku, siku 42 zinafika 630,000. Tarakimu hizi ni za mfano, kwani bei hutofautiana kwa mtaa na kwa msimu. Ila uwiano wake haubadiliki sana: mwenye kukaa muda mfupi ndiye anayelipa zaidi kwa kila siku ya kukaa kwake, na katika jiji lenye hospitali ya rufaa mtu huyo ni mgonjwa.

Kwa sababu hiyo, mazungumzo ya nyumba za bei nafuu hukosa shabaha yanapoishia kwenye bei ya mwezi. Wapo mamia ya watu wanaoweza kulipa 50,000 kila mwezi bila kukopa, lakini hawajawahi kushika 350,000 kwa siku moja isipokuwa wameuza ng'ombe. Mkulima wa pamba aliyeuza ng'ombe ili atibiwe hufika mjini akiwa na fedha ya matibabu mkononi, na mtu wa kwanza kuipokea ni dalali. Bima nayo haimsaidii hapo. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa na Bunge mwaka 2023, nayo ni hatua kubwa, lakini kadi ya bima hulipia kipimo, dawa na kitanda cha wodini. Chumba cha Mabatini hailipii.

Wengi huishia kwa ndugu. Hapana shaka undugu ndio hosteli kubwa kuliko zote nchini, na bila huo kliniki nyingi za rufaa zingebaki tupu. Lakini wahenga walikwisha kuona ukomo wake waliposema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mgonjwa wa mionzi hawezi kushika jembe. Mwenyeji wake, ambaye naye ni mpangaji wa chumba na sebule, amewalaza watoto sakafuni ili mgeni apate kitanda. Wiki ya kwanza hupita kwa huruma, ya pili kwa subira. Wiki ya tatu mgonjwa huanza kusikia maneno yasiyosemwa, akakumbuka shamba, akaomba ruhusa ya kwenda nyumbani "mara moja" kuangalia watoto.

Safari hiyo ya mara moja ndiyo inayopaswa kumtia hofu kila mhudumu wa afya. Katika saratani ya mlango wa kizazi, mionzi ya nje na ya ndani kwa pamoja hutakiwa ikamilike ndani ya wiki nane hivi. Siku zikirefuka, uwezekano wa kuidhibiti saratani hupungua. Mashine ni ile ile na dozi ni ile ile, lakini uvimbe uliopewa nafasi ya kupumua hujijenga upya. Neno la kliniki kwa mtu aliyekatiza tiba ni mtoro. Ni neno la shuleni, lenye fimbo ndani yake, na aghalabu huandikwa na mtu asiyejua kwamba mtoro huyo alifukuzwa na kodi.

Chumba kikipatikana, lipo swali la ni chumba gani. Mwanza ni jiji zuri la mawe na ziwa, lakini uzuri huo hupandwa kwa miguu. Vyumba rahisi vilivyo karibu na hospitali, katika mitaa kama Mabatini na Igogo, viko kwenye miteremko ambayo gari haifiki, pengine hata bodaboda haifiki. Njia ni ngazi zilizochongwa na nyayo kati ya majabali. Maji ya bomba hupanda kwa shida kadiri mtu anavyokwenda juu, na ndoo inayobebwa hadi mlangoni huongezeka bei kwa kila hatua. Choo kimoja hutumiwa na kaya kadhaa. Katika baadhi ya mitaa ya vilimani pamejengwa mabomba membamba yanayopeleka majitaka bondeni kwa nguvu ya mteremko, na tofauti yake inaonekana mvua inyeshapo. Lakini hayajamfikia kila mtu, na penye jabali shimo la choo halichimbiki kwa kina.

Daktari anajua kwamba mionzi ya nyonga huleta kuhara na kukojoa mara kwa mara. Ngozi iliyopigwa mionzi hutaka maji safi na nguo isiyobana. Mgonjwa aliye katika dawa za saratani akipata homa usiku hapaswi kungoja kupambazuke, kwa maana kinga yake imeshuka na maambukizi huweza kumwangusha kwa saa chache. Sasa masharti hayo yawekwe juu ya chumba cha kilimani: choo kipo mita 30 chini ya mawe, ufunguo wake umo kwa jirani, maji ni ndoo mbili kwa siku, na njia ya kushukia ina giza. Ushauri wote sahihi uliotolewa kliniki asubuhi umekwisha kubatilishwa na nyumba kabla ya jua kuzama.

Wapo wanaochagua mbali ili wapate nafuu: Buhongwa, Igoma, Kishiri, au Kisesa iliyo katika Wilaya ya Magu. Huko nyumba ni mpya zaidi, hewa ni nyingi, na kwa bei ya chumba kimoja cha karibu na mjini huweza kupatikana chumba na sebule. Kinachosahaulika katika hesabu hiyo ni nauli. Mgonjwa na msindikizaji wake, kwenda na kurudi, siku tano kwa wiki, ni nauli 20 kwa wiki. Kwa wiki sita ni nauli 120. Ikibidi kupanda daladala mbili, idadi hiyo huongezeka maradufu. Asiyepiga hesabu hii kabla ya kulipa kodi huipiga katika wiki ya tatu, akiwa hana la kufanya. Na mgonjwa anayesafishwa damu kwa mashine mara mbili au tatu kwa wiki hana hata faraja ya kusema kwamba wiki zitakwisha. Huyo, ugonjwa umemhamisha. Amekuwa mkazi wa jiji bila kupenda, na mara nyingi familia nzima imemfuata.

Kifua kikuu kina kisa chake. Mgonjwa wake kwa kawaida si mgeni. Ni mpangaji wa siku nyingi aliyeugua akiwa hapo hapo. Dozi ya kifua kikuu kisicho sugu imezoeleka kuwa ya miezi sita, miwili ya mwanzo na minne ya kuendelea, nayo kwa bahati mbaya inafanana na muda wa kodi. Mtu akigunduliwa katika mwezi wa nne wa kodi yake, miezi miwili baadaye, wakati mwili bado dhaifu na kazi imesimama, mwenye nyumba anabisha hodi kudai miezi sita mingine. Asipokuwa nayo huhama. Akihama mtaa hubadili kituo, akibadili kituo huanza kutafutwa. Na anakohamia ni chumba cha bei ya chini zaidi, ambacho karibu kila mara ni chenye dirisha dogo zaidi na watu wengi zaidi. Vijidudu vya kifua kikuu, ambavyo Robert Koch alivitangaza mwaka 1882, hubakia vikielea katika hewa isiyotembea. Dirisha moja kubwa linalotazamana na mlango huwalinda watoto wa nyumba hiyo kuliko mabango kadhaa ya ukutani. Lakini dirisha kubwa ni sehemu ya bei ya chumba, na asiye na fedha hupewa chumba ambacho dirisha lake limezibwa na ukuta wa jirani.

Wahudumu wa afya wenyewe hawajasalimika. Daktari mtarajali au muuguzi mpya anayepangiwa Mwanza hufika na sanduku, barua ya kuripoti na fedha ya wiki mbili. Posho au mshahara wa kwanza haujaingia, ilhali kodi ya miezi sita inatakiwa leo. Hukopa, au hujibanza watu watatu katika geto moja, akatoka zamu ya usiku na kulala kwa zamu. Kisha hutakiwa kuwa na jicho kali na ulimi mpole mbele ya mgonjwa. Kwa kuwa yeye mwenyewe amepitia mkupuo huo, ingetarajiwa awe wa kwanza kumuuliza mgonjwa habari za malazi. Bahati mbaya taabu iliyozoeleka huacha kuonekana.

Ni rahisi kumgeuza mwenye nyumba kuwa adui wa hadithi hii, na haitakuwa haki. Wengi wa wenye nyumba za kupangisha Mwanza si matajiri. Ni mjane aliyeachiwa vyumba vinne uani, au mwalimu mstaafu aliyejenga kwa kiinua mgongo. Aghalabu kodi ya miezi sita ndiyo inayomalizia plasta ya chumba cha tano, maana njia ya benki ni ndefu na riba yake haimithiliki na kipato chake. Zaidi ya hapo, anaogopa. Mpangaji asiyelipa huweza kukaa miezi akizungushana naye, na shauri likifika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya halimalizwi kwa siku moja. Miezi sita ya mbele ndiyo bima yake. Anayetaka kodi ya mwezi kwa mwezi hana budi kwanza kuijibu hofu hiyo, la sivyo atakuwa anaomba hisani.

Sheria nayo ina historia. Mwaka 1971 serikali ilitaifisha majumba ya kupangisha na kuyaweka chini ya Msajili wa Majumba, ambaye mwaka 1990 aliunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa. Mwaka 1984 ilitungwa sheria ya kudhibiti kodi za pango, nayo ikafutwa mwaka 2005. Tangu hapo kodi na masharti yake vimeachwa kwa makubaliano ya watu wawili, mmoja akiwa na nyumba na mwingine akiwa na haraka. Wapo wanaotaka sheria ya zamani irudi. Huenda wana hoja, lakini yafaa waitazame Ghana, ambako sheria ya mwaka 1963 inakataza kudai kodi ya zaidi ya miezi sita mbele, na bado wapangaji wa Accra hudaiwa mwaka mmoja au miwili. Marufuku isiyo na msimamizi huishia kwenye karatasi. Kenya inatoa funzo la namna nyingine. Katika Eldoret, mji wenye hospitali kubwa ya rufaa kama ulivyo Mwanza, mpangaji kwa desturi hutoa kodi ya mwezi pamoja na amana, basi akaingia. Kodi si lazima iwe nafuu huko, na vyumba vina kasoro zake. Ila inaonekana wazi kwamba miezi sita si amri ya maumbile. Ni mazoea, na mazoea hubadilika watu wakipata sababu.

Sekta ya afya imewahi kubadili mazoea ya namna hii. Kwa miaka mingi mjamzito wa kijijini aliyekuwa na dalili za hatari aliambiwa awahi hospitali uchungu ukianza, kana kwamba uchungu hungoja gari. Zilipojengwa nyumba za kusubiria kujifungua, zinazojulikana katika baadhi ya mikoa kwa jina la Chigonela, ilikubalika kwamba kulala karibu na hospitali ni sehemu ya huduma ya uzazi. Hakuna aliyesema hilo ni suala la familia. Kanuni iliyomfaa mjamzito wa wiki ya 38 ndiyo inayomfaa mgonjwa wa mionzi ya wiki sita, na ni ajabu kwamba haijavukishwa kutoka idara moja hadi nyingine ndani ya hospitali zile zile.

Majengo huchukua muda na fedha. Yapo yasiyohitaji tofali. La kwanza ni swali lenyewe kuulizwa mapema, siku ile tarehe ya kuanza tiba inapopangwa, na jibu kuandikwa kwenye faili pamoja na uzito na shinikizo la damu. Mgonjwa aambiwe kwa lugha nyepesi tiba yake ni ya siku ngapi, ili asilipie miezi asiyoihitaji wala asishike chumba cha siku tatu. Maafisa ustawi wa jamii, ambao kwa sasa huitwa mgonjwa anaposhindwa kulipa bili, waitwe kabla. Nao wakiwa na daftari la wenye nyumba walio tayari kupokea watu wa wiki kadhaa, na barua ya hospitali inayoonyesha mwanzo na mwisho wa matibabu, hofu ya mwenye nyumba hupungua kwa kiasi kikubwa, kwa kuwa anajua anayeingia ni nani na atatoka lini. Hospitali haimdhamini mgonjwa fedha. Humdhamini ukweli tu.

Mgonjwa na msindikizaji wake nao wana la kufanya, hata soko likibaki lilivyo. Chumba kitazamwe jioni, wakati wapangaji wote wamerudi, maana asubuhi kila ua huonekana mtulivu. Majirani waulizwe maji hutoka siku zipi na saa ngapi, na choo kinatumiwa na kaya ngapi. Jiko la mkaa hupikiwa wapi? Panapopikwa ndani ya ukumbi usio na upenyo, moshi wake ni hatari kwa kila mtu, na mkaa unaowaka katika chumba kilichofungwa huua watu usingizini. Iulizwe kama mita ya LUKU ni ya chumba au inachangiwa, kwani ugomvi wa umeme umevunja ukaazi mwingi kuliko ugomvi wa kodi. Fedha isitolewe kwa dalali kabla ya kuonana na mwenye nyumba mwenyewe. Chumba kimoja kimewahi kulipiwa na watu watatu, wakakutana mlangoni na mizigo yao. Makubaliano yaandikwe, yawe na mashahidi, na ofisi ya serikali ya mtaa iyajue. Na mgonjwa asione haya kusema kwamba anaumwa na atakaa wiki sita. Kuficha ugonjwa kwa kuhofia kunyimwa chumba kumewaponza wengi, maana siku ya homa hakuna jirani anayejua aite nani.

Limebaki kundi moja, nalo linasoma jarida hili. Katika kila jiji lenye hospitali kubwa, sehemu ya vyumba vya kupangisha vilivyo jirani ni mali ya waliowahi kufanya kazi hospitalini au wangali wanafanya: wauguzi, wateknolojia wa maabara, wafamasia, madaktari, makarani wa mapokezi. Walijenga kwa mkopo wa mshahara, tofali kwa tofali, na wana haki ya kufaidi jasho lao. Nao pia hudai miezi sita. Asubuhi humsihi mgonjwa asikatize dozi, na jioni humwambia mgonjwa mwingine kwamba bila 300,000 hakuna ufunguo.

Kwao hesabu haihitaji huruma nyingi. Chumba cha 50,000 kilichokaa wazi miezi miwili kikimsubiri mtu wa miezi sita kimempotezea mwenyewe 100,000. Mgonjwa wa wiki sita, hata akiongezewa robo juu ya bei ya kawaida kwa ajili ya usumbufu wa kuingia na kutoka, angelipa zaidi ya 93,000 na kuondoka akiwa amemaliza tiba, na kitanda kingekuwa tayari kwa anayemfuata. Muuguzi mwenye vyumba vitano angeweza kutenga kimoja, chenye dirisha na kilicho karibu na choo, akakiandikisha kwa afisa ustawi wa jamii kabla ya kliniki ya Jumatatu.